Walinilaza Matrah

Majina sitaji humu. Si kwamba nnawaogopa. Aliyenilea alinifundisha kwamba jina la mtu halitupwi njiani kama ganda la ndizi, na mafunzo yake nnayashika hata nnapokasirika. Waliofanya ni wawili: mdogo wangu wa kiume na mkewe. Anayetujua atawajua, na asiyetujua atosheke na kitendo.

Mimi sikusoma. Nilifika darasa la nne Unguja, tukaja Oman, na huku nikawekwa nyumbani nimlee huyo huyo mdogo wangu, kwa kuwa mama yetu alikwisha kufa na baba alikuwa kazini kutwa. Nilimbeba kiunoni mpaka kiuno kikapinda. Yeye akasoma, akamaliza vyuo, leo ana ofisi wizarani na nyumba Madinat Sultan Qaboos yenye ngazi za marumaru. Mimi nnajua kuandika kama mnavyoona, na nnajua kumtazama mtu usoni. Hilo la pili halina cheti.

Aliyetulea sote ni mama mdogo, ndugu wa mama yetu. Hakuzaa. Watu walipomuuliza ana watoto wangapi alikuwa akisema wawili, wala hakuongeza neno. Mume wangu aliponiacha, tena kwa ujumbe wa simu kama mtu anayefuta miadi ya kinyozi, nilirudi kwake Mabela na tukakaa pamoja. Moyo wangu ulipogoma nikapasuliwa kifua, yeye ndiye aliyekaa kitandani pangu akanilisha uji. Halafu nilipopona mimi, akaanguka yeye. Miguu ikakataa, tumbo likakataa, akawa mtu wa kitandani. Nikawa nnamkogesha.

Lazima niseme hapa mama mdogo alikuwa mtu wa haya. Hata daktari wa kike hakumfungulia kifungo bila ugomvi. Siku moja, nimemfunika taulo baada ya kumkogesha, akanishika mkono.

"Nikifa usiniachie watu," akanambia. "Mwili huu umeuona wewe tu. Nikoshe wewe."

"Ntakukosha mimi, mama."

"Sema wallahi."

Nikasema wallahi. Hilo ndilo lililokuwa baina yetu, na ndugu yangu alikuwa amesimama mlangoni na mfuko wa machungwa. Alisikia. Asije akasema hakusikia.

Sasa, mwaka uliofuata operesheni yangu, majira ya baridi, huyo ndugu yangu akaja na zawadi. Umra kwanza, kumshukuru Mungu kwa uhai wangu, mimi na yeye na mkewe. Halafu turudi Muskat, tulale nyumbani, halafu tupande meli kubwa ya watalii hapo bandari ya Matrah, itupeleke Dubai na Doha, turudi tumenenepa. Nikamwambia umra nakwenda, meli sitaki, mama ana hali mbaya. Wifi yangu akacheka.

"Wifi, wewe ukipewa pepo utauliza nani atabaki kufagia dunia."

Mama mdogo mwenyewe akaniambia niende. Alisema yuko msichana wa kazi, Mkenya, mtoto mzuri mwenye mikono ya pole, na yuko jirani yetu wa ukuta kwa ukuta, bibi mzee wa Kipemba, ataingia asubuhi na jioni. Nikaenda. Makka tukamaliza, Madina tukazuru. Kila siku nilipiga simu, na kila siku nilimsikia sauti yake. Sauti ilikuwa ndogo lakini yake.

Asubuhi ya kurudi tulipanda treni Madina kwenda uwanja wa ndege wa Jeddah. Baridi ya Madina wakati ule inaingia mpaka kwenye meno. Nilikuwa nimejifunga shali mbili na soksi za mdogo wangu. Treni yenyewe haitikisiki, inapita jangwani kama kisu kwenye siagi, na viti vyake ni vizuri kuliko vya sebuleni kwangu. Sikuviona raha. Hatujakaa vizuri simu ya mdogo wangu ikalia. Akaitazama, akainuka, akaenda kusimama kule kwenye mlango baina ya mabehewa. Nilimwona kupitia kioo. Alikuwa haongei, anasikiliza tu, halafu akaegemeza paji la uso ukutani.

Aliporudi uso wake ulikuwa umeoshwa.

"Nani huyo?"

"Kazini."

"Kazini na alfajiri yote hii? Na macho yako?"

"Kiyoyozi, dada. Kinanichoma."

Akamwambia mkewe maneno kwa Kiingereza. Hiyo ndiyo lugha yao wakitaka mimi nisiwemo. Wifi akashika mdomo, halafu akauachia haraka akanigeukia na tabasamu, na mimi nnakwambieni, miaka yote ile ya kuwa mke wa ndugu yangu hajawahi kunitazama kwa huruma. Akaniletea tende. Akanifunika miguu. Akaniambia simu yangu ina chaji kidogo, nimpe aichomeke. Nikampa.

Baada ya muda akaichomoa mkobani imelowa, inatona maji.

"Mungu wangu! Wifi, zamzam imevuja."

"Zamzam imetoka Makka mpaka Madina haikuvuja, ije ivuje kwenye treni isiyotikisika?"

"Kudra, wifi. Hata maji ya baraka yana kudra yake."

"Basi nipe yako nimpigie mama."

Wakatazamana. Akabonyeza mwenyewe, akazungumza kidogo, ndipo akanipa. Aliyepokea ni msichana wa kazi.

"Ako sawa, madam. Amekunywa dawa, ako na usingizi."

"Mwamshe nimsikie."

"Aah, madam, wacha tu alale."

Nyuma yake nilisikia sauti. Wanawake, tena wengi, na mtu anasukuma kitu kizito sakafuni.

"Nani hao?"

"Ni TV, madam."

Mama mdogo hakuwa akivumilia televisheni. Alisema inamjaza watu nyumbani asiowaalika. Nikamrudishia wifi simu yake. Nilidhani kazidiwa, wamempeleka hospitali, na hawataki nishtuke. Hilo ndilo nililolishuku. Jingine lilikuja, nikalifukuza, likarudi, nikasoma aya, likakaa mbali kidogo likinitazama.

Ndegeni mdogo wangu alikaa safu ya nyuma kabisa, peke yake. Tulipotua Muskat jua lilikuwa linaelekea kushuka. Anayeujua mji wetu anajua: uwanja wa ndege uko Sib, na Mabela iko Sib hiyo hiyo. Ukitoka pale unafika nyumbani kabla mate hayajakauka. Gari ilipotoka ikashika njia ya mjini. Mabela ikabaki mgongoni.

"Njia ya nyumbani si hii."

"Tunalala Matrah, dada," akasema mdogo wangu bila kugeuka. "Hotelini. Karibu na meli."

"Meli ni Jumapili. Leo Alhamisi. Siku zote hizo si ntakaa na mama?"

"Daktari kasema upumzike."

"Ukifika Mabela hutopumzika," wifi akadakia. "Utaanza kuinua ndoo na kugeuza watu. Tunakujua."

"Basi nipitisheni nimwone, nimbusu mkono, mnilaze mnapotaka."

Dereva akafungua redio, mdogo wangu akamwambia aifunge. Nikatazama mkono wangu uko kwenye kitasa cha mlango. Lakini mimi nilikuwa mgonjwa wa mwaka mzima, nimezoea kuongozwa: kunywa hiki, lala hapa, usipande ngazi. Mtu akiongozwa sana husahau kuwa miguu ni yake.

Hoteli ilikuwa nzuri, siwezi kuisingizia. Chumba kinatazama bandari, mashuka meupe, birika la umeme, vijisabuni vidogo kama vya kuogeshea paka. Mimi na wifi chumba kimoja, mdogo wangu cha pili. Yeye hakukaa hata nusu saa. Alioga, akavaa kanzu nyeupe mpya, akasema kaitwa wizarani.

"Wizara ya nani magharibi hii?"

"Kuna jambo la haraka, dada. Kula, ulale."

Alirudi baada ya isha kupita sana. Nilimfungulia mlango mimi. Pindo la kanzu lilikuwa na vumbi, vumbi la changarawe, na viatu vimechafuka kama vya fundi mwashi. Nikamuuliza, "Wizara imeng'oa mazulia?" Akanitazama. Kwa nukta moja nilimwona yule mtoto niliyembeba, mdomo unatetemeka. Halafu akasema usiku mwema akaingia chumbani kwake.

Mngesema kwa nini sikupiga simu. Kwa nani? Namba zote zilikuwa ndani ya simu iliyolowa. Kichwani sina hata moja, siku hizi nani anayo? Mngesema kwa nini sikutoka. Pochi na kitambulisho vilikuwa kwenye mkoba wa wifi tangu Jeddah, "visipotee." Na kila nilipotaka kumpigia mama mdogo, wifi alibonyeza yeye, na kila mara: kalala, yuko na muuguzi, kakoga sasa hivi. Jibu la tatu lilinikaa kooni. Mama mdogo akogeshwe na nani?

Siku ya pili ilikuwa Ijumaa. Baada ya alasiri mdogo wangu akavaa kanzu nyingine safi, akatoka.

"Mkutano," wifi akasema.

"Ijumaa?"

"Wageni kutoka nje, wifi. Wazungu hawajui Ijumaa."

Akanitoa nje, akanipeleka sokoni Matrah, akaninunulia gauni. Muuza duka, Mhindi mmoja mwenye maneno, alilipima begani kwangu akasema nikilivaa mume wangu atanioa upya. Nikamwambia mume wangu hata ndoa ya zamani ilimshinda. Tukacheka, mimi na wifi na Mhindi, tukacheka mpaka wifi akafuta machozi. Nnaliandika hili kwa sababu ndilo linalonitafuna kuliko yote. Alinichekesha. Alikuwa anajua ni siku gani, na alinichekesha.

Tukarudi, na mdogo wangu akarudi baada ya isha, ananukia kahawa. Nikamwambia agizeni chakula. Akasema kashiba. Jana vile vile alisema kashiba. Nikamtazama usoni, ndevu hazikunyolewa, na yeye ni mtu wa kinyozi kila Ijumaa. Halafu akasema meli tutakwenda mimi na wifi. Yeye hatoweza tena, kazi imemkamata.

"Wewe ndiye uliyeitaka meli," nikamwambia.

"Nendeni mufurahi."

"Unantoa Muskat?"

"Dada, una dhana mbaya."

"Dhana yangu ndiyo iliyokuvusha barabara mpaka ukakua."

Sikulala vizuri. Jumamosi asubuhi nikagoma kula. Chakula cha hoteli hakina chumvi wala roho, nikasema, na mimi si ndege wa kulishwa mikate. Kweli nilitaka kuona watafanya nini. Mdogo wangu akatoka mapema siku hiyo, na adhuhuri akarudi amebeba hotipoti.

"Nimekuletea wali wa nyumbani," akasema, amefurahi kama aliyepata dawa. "Msichana kapika kwa ajili yako."

Akaiweka mezani, akaondoka tena. Nikaifungua. Harufu ikapanda: pilau ya nyama, bizari nzima, imekolea. Yule msichana wetu ana mikono ya pole lakini wali wake huwa uji. Nikajua pale pale hakupika yeye. Bado sikujua zaidi ya hapo. Nikapakua chote kwenye sahani mbili, yangu na ya wifi, na nikaipindua hotipoti kuikosha, kwa sababu chombo cha watu hakirudi kichafu. Chini yake palikuwa na madoa matatu ya rangi ya kucha, mekundu.

Wanaume hawajui jambo hili. Wao wanadhani sufuria ni sufuria. Sisi wanawake wa Kizanzibari hapa Muskat kila mmoja ana alama yake chini ya vyombo, kwa sababu kwenye shughuli vyombo huchanganyika na kila mtu hutaka kurudi na chake. Mwengine huweka herufi, mwengine kitambaa cha uzi. Madoa matatu mekundu ni jirani yetu wa Mabela, yule Mpemba. Na hotipoti zile kubwa alizonunua Dubai hazitoki kabatini kwa mgonjwa wala kwa mgeni. Harusi kwake hakuna, ningalijua. Vyombo vile huingia nyumba ya mwenziwe kwa jambo moja: nyumba hiyo haijawasha jiko, na majirani wanailisha. Siku tatu za azaa, yaani matanga.

Alhamisi. Ijumaa. Jumamosi.

Wifi alikuwa kitandani anajipaka mafuta miguuni. Nikamwekea hotipoti mapajani, chini juu.

"Lini?"

"Nini lini, wifi?"

"Usinifanye mjinga. Hiki chombo cha jirani. Mama kafa lini?"

Akafunga kichupa cha mafuta. Alikifunga polepole sana.

"Kaa kitako kwanza."

"Nimesimama vizuri."

"Alhamisi. Alfajiri. Tulipokuwa tunakwenda stesheni."

"Kazikwa lini?"

Akajifuta mikono kwenye shuka.

"Nnakuuliza kazikwa lini!"

"Usiku ule. Baada ya isha."

"Kutwa nzima maiti inangoja nini?"

"Ilimngoja yeye," akasema. "Atoke Jeddah. Asalie."

Someni tena hapo, kama mimi ninavyoisoma kila siku. Maiti ilimngoja yeye. Mimi nilikuwa naye treni moja, ndege moja, gari moja. Wakati mama mdogo anamiminiwa maji Mabela, mimi nilikuwa Matrah nnanusa vijisabuni.

"Daktari alisema usishtuliwe," wifi akasema. Alikuwa analia sasa, na sina hakika analilia nini. "Tuliogopa moyo wako. Tulisema upande meli, upate nguvu kwanza, halafu tukwambie."

"Mngeniambia wapi? Doha?"

"Tungekwambia polepole."

"Daktari alisema nisiinue ndoo. Hakusema nisimkoshe mama yangu."

Nnaijua ada ya kuficha msiba. Sote tumekulia humo. Mtu akiwa njiani haambiwi. Anaambiwa njoo, mgonjwa kazidiwa kidogo, mpaka afike kizingitini asikie kilio mwenyewe, ashikwe mikono. Lakini ada hiyo ni ya kumfikisha mtu mlangoni. Si ya kumpitisha mlango. Na mpaka leo nnashuku kama ni moyo wangu aliouogopa, au ni macho yangu, kwa kuwa yeye ndiye aliyenitoa nyumbani nami nilimwambia mama ana hali mbaya.

Nikamwambia wifi anipe pochi. Akanipa. Akasema atanisindikiza, nikamwambia akikanyaga nje ya mlango ule ntapiga kelele hoteli nzima ishuke. Meli ilipong'oka Jumapili alikuwemo. Nafasi yangu alimpa dada yake, isipotee.

Teksi ilinishusha langoni baada ya alasiri. Msichana wa kazi alikuwa anakunja turubai uani. Aliponiona akaliangusha.

"Pole, madam. Pole sana. Boss alisema nikikuambia, siku hiyo hiyo naenda airport."

"Alisema nini mama?"

"Alikuuliza. Nikamwambia uko kwa treni, unakuja."

Nikaingia. Sebuleni mikeka ilikuwa bado chini, misahafu inarudishwa kwenye boksi. Walibaki wanawake kama kumi, wanafungasha. Nilisimama kizingitini nikingoja mmoja ainuke anikumbatie, kama tunavyofanya. Hakuinuka mtu. Jirani yetu alikuwa pembeni anapanga hotipoti zake. Alinitazama kutoka kichwani mpaka miguuni, na nikakumbuka kwamba nimevaa gauni jipya.

"Umra njema," akanambia. "Mungu akutakabalie."

"Nani kakwambieni nilikuwa umra?"

"Nduguyo. Kasema kakupigia, nawe umesema utamaliza ibada yako, maiti asingojewe."

Hapo ndipo nilipokaa kitako. Kufichwa nilikwisha kufichwa. Hili lilikuwa jingine. Kinywa changu, alikitumia.

"Nani alimkosha?" nikauliza.

"Mimi na wenzangu wawili."

"Nieleze. Alikuwaje? Mlianza vipi? Mlimfunika?"

"Ya maiti hayasemwi, unajua," akasema, na akarudi kwenye vyombo vyake. "Anayetaka kuyaona huwepo."

Wale wengine wakajifanya wanakunja mikeka. Nani ataniamini, na neno la mwanamume wa wizara limeshapita nyumba nzima siku tatu? Ndipo nikasikia hodi ya mdogo wangu kwenye mlango wa nyuma. Alikuwa ametoka kwenye sabla, ukumbi walikokaa wanaume, na mfukoni mwake simu inalia. Bila shaka ni mkewe anamtahadharisha, amechelewa. Akaniona.

"Dada. Twende ndani tuzungumze."

"Ndani ndiyo hapa. Waambie nilikuwa wapi."

"Si wakati wake. Moyo wako..."

"Moyo wangu unapiga, usikilize. Waambie Alhamisi usiku nilikuwa wapi."

Akatazama viatu vyake. Msidhani nilimhurumia. Nilimwacha asimame pale na kanzu yake nyeupe mbele ya wanawake waliomjua tangu ana kamasi.

"Alikuwa Matrah," akasema. "Hotelini."

"Nani?" jirani akauliza.

"Dada."

"Tangu lini?"

"Tulirudi pamoja. Hakuwa na habari. Mimi ndiye niliyesema vile."

Mwanamke mmoja akasema la ilaha illa Llah, na mwengine akaketi. Jirani aliweka mfuniko aliokuwa nao mkononi, akashika ukuta akainuka, magoti yake yanalia, akaja akanikamata mkono. Mkono wake ulikuwa mkavu na una nguvu. Akanipitisha mbele ya ndugu yangu kama tunapita nguzo, mpaka bafu la nyuma, lile nililokuwa nikimkogeshea mama, na ndimo walimokoshea. Akafunga mlango kwa komeo. Akapindua ndoo akaikalia, mimi akanipa kigoda.

"Haya," akasema. "Nipe mikono yako, nikuonyeshe tulivyoanza."

Akaanza na maji ya kwanza. Alinena polepole, kiungo kwa kiungo, na mikono yangu ndani ya yake ikienda ilipokwenda yake. Nilipotaka kujua jambo niliuliza, naye akajibu.

Mdogo wangu akagonga. "Dada, fungua. Dada."

Akagonga tena.

"Ngoja huko," jirani akamwambia, bila kugeuza uso. "Humu wanawake wanakosha."